Kumi na Tano ya Fundi Kasiani

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza. Kama ulipewa dawa za presha na leo hujameza, nenda kameze, nitakusubiri. Siku hizi naongea polepole. Upande wa kulia wa mdomo wangu bado unachelewa kidogo, kwa hiyo hatutakimbizana, mimi na wewe.

Naitwa Kasiani. Ni fundi baiskeli, hapa Mlabani, Ifakara. Banda langu liko kando ya barabara, bati nne juu, pampu imesimama nje, magurudumu yananing'inia kwenye mti. Baiskeli za huku zinabeba mizigo ambayo aliyezitengeneza hakuifikiria: gunia la mpunga nyuma, mkungu wa ndizi mbele, na bado mwenyewe anataka kumpakia shemeji yake. Baiskeli kama hiyo inahitaji ringi iliyosukwa vizuri. Kusuka ringi ni kupanga spoki moja moja, unakaza hii, unalegeza ile, mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba. Hiyo ndiyo kazi niliyojulikana nayo. Nilikuwa nagusa spoki kwa ukucha, nasikia mlio wake, najua ipi imelegea.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili ugonjwa uliponikuta, na sikuwa nimewahi kulazwa hospitali. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuja wahudumu wa afya kupima watu presha sokoni. Yangu ilikuwa juu. Nikapewa dawa, nikameza miezi mitatu, nikajiona mzima, nikaacha. Mke wangu, Mama Zita, aliniuliza, "Baba Zita, zile dawa?" Nikamjibu, "Zile ni za wagonjwa." Nakuambia jibu hilo kama nilivyolisema, ili siku ukilisikia kinywani mwako ulitambue.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, gurudumu liko magotini, mama mmoja muuza mboga anasubiri baiskeli yake. Spana ikanitoka mkononi. Nikaiokota. Ikanitoka tena. Nikauangalia mkono wangu wa kulia, ukawa kama mkono wa mtu mwingine aliyeuweka pajani pangu akaondoka. Yule mama akasema, "Fundi, mdomo wako umekwenda upande." Nilitaka kumwambia asubiri kidogo, nimepata kizunguzungu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Tayari."

"Tayari nini, fundi? Gurudumu lenyewe hujalifunga."

"Tayari," nikasema tena. Kisha nikaanguka pamoja na kigoda, na suruali ikalowa.

Yule mama hakukimbilia kunimwagia maji wala kuniombea pale chini. Alisimamisha bajaji, akanipakia kwa msaada wa majirani, akaacha fungu lake la mchicha juani. Namshukuru mpaka leo. Hospitalini daktari alinimulika macho, akanigonga magoti, akamwambia mke wangu, "Mama, huyu amepata kiharusi. Mshipa wa damu kichwani umeziba. Upande wa kulia umelala, na maneno yamekamatwa. Tutajitahidi, lakini itachukua muda."

Mama Zita akauliza, "Atapona?"

"Kiasi gani, siwezi kukudanganya. Tumwone wiki kwa wiki."

Sasa nikueleze mwili wangu ulivyokuwa, bila kuficha, kwa sababu wengine walioko nyumbani mwako wanaona aibu kuyasema haya. Nilivishwa mpira wa mkojo. Choo kilikataa siku sita. Nikinywa maji yananipalia, yanatokea puani, kwa hiyo nililishwa uji mzito kwa kijiko. Mate yalinitoka upande mmoja na sikuyasikia mpaka shati lilowe. Nilipata kidonda kwenye mfupa wa chini ya mgongo, na Mama Zita alifundishwa kunigeuza kila baada ya muda, kulia, kushoto, chali. Nililia ovyo. Mtu akinisalimia vizuri tu, nalia. Na neno langu lilikuwa hilo moja. Nikiwa na njaa, "Tayari." Nikiumia, "Tayari." Nesi akiniuliza jina, "Tayari." Miaka thelathini nimewaambia watu neno hilo nikiwakabidhi baiskeli zao. Mengine yote yaliondoka, hilo likabaki.

Lakini nilikuwa nasikia. Hili nataka ulishike. Mara nyingine maneno ya watu yalipita haraka kama treni usiyoiwahi, ila wakisema taratibu nilielewa, na niliwajua wote. Nilijua bei za spoki. Nilijua siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia yetu. Sikuwa na mlango wa kuyatolea tu.

Baada ya wiki tano nikarudi nyumbani, na mara mbili kwa wiki bajaji ilinipeleka kwenye mazoezi. Aliyenifanyisha mazoezi ni binti anayeitwa Kabula. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bondeni kwetu na ng'ombe wao, yeye akasomea kazi ya kurudisha viungo kwa mazoezi. Ana mikono yenye nguvu na adabu nyingi. Kila nikiingia alipiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Tayari," namjibu.

"Haya baba, na mimi niko tayari. Tusimame."

Hakunicheka hata mara moja kwa namna ya kunidharau. Mguu ulianza kurudi kwanza, halafu bega, halafu kiwiko. Vidole vikawa vya mwisho. Ndipo siku moja akaleta ubao. Ulikuwa mrefu kama kiganja na nusu, umetobolewa matundu madogo kwa mistari, na pamoja nao pakiti ya karata.

"Baba, huu mchezo unaitwa kribeji," akasema. "Mwalimu wangu mmoja mgeni alitufundisha chuoni. Unafanya kazi mbili: vidole vinachomeka vijiti, kichwa kinahesabu. Nakugawia karata sita. Unabaki na nne, mbili unatupa kwenye kapu. Kapu ni la aliyegawa. Halafu tunafunua karata moja hapo juu, ni ya wote. Sasa kwenye zako na ile ya juu, unatafuta zinazojumlika kumi na tano. Kila kumi na tano unayoipata, unasogeza kijiti matundu mawili."

Vijiti vyake vilikuwa vya kuchokolea meno. Vidole vyangu havikuvisikia kabisa, vijiti vikavunjika. Mama Zita alikaa akatazama, wiki iliyofuata akaja na vipande vya spoki alivyokata bandani kwangu, ncha amezisugua kwenye jiwe zisitoboe mtu. Nilipokishika cha kwanza, kidole gumba cha kulia kikakizungusha chenyewe, kama ninavyokaza. Kabula akaona. "Mama," akasema, "mkono umekumbuka."

Kwa hiyo mkono ulikwenda vizuri. Shida ikaja kwenye hesabu.

Kabula anagawa. Mimi napanga karata zangu kwenye kibao chenye mfereji, kwa sababu sikuweza kuzishika. "Baba, nionyeshe kumi na tano." Natoa karata mbili, naziweka mbele yake, nasogeza spoki matundu mawili.

"Hapana baba. Hii A ni moja. Hii K ni kumi. Moja na kumi ni kumi na moja. Jaribu tena."

Natoa tatu nyingine, nasogeza mawili.

"Saba, na J ni kumi, na Q ni kumi. Hiyo ni ishirini na saba, baba."

Nikazigonga zile karata kwa kidole. Nikazigonga tena. "Tayari," nikasema, kwa ukali. Yeye akatabasamu, akagawa upya. Na kila alichonifundisha nilikifanya kinyume. Kwenye kribeji tano ndiyo karata ya thamani kuliko zote, kwa kuwa karata zenye kumi ziko nyingi, na tano na kumi ni kumi na tano. Mimi nilikuwa natupa tano kwenye kapu lake kama mtu anayetoa pumba kwenye mchele.

Tulikwenda hivyo wiki nne. Siku moja alimwita mke wangu pembeni, karibu na mlango. Alidhani sisikii.

"Mama, mguu unarudi, mkono unarudi. Lakini kwenye namba bado anachanganya sana. Na hakosei ovyo. Anashikilia kosa lile lile. Nimeandika kwenye faili ili daktari amwangalie."

Mama Zita aliinamisha kichwa. Jioni ile alimpigia simu kaka yangu Fabiani, ambaye analima mpunga Mlimba. Sijui alimwambia nini chote. Mimi nilisikia maneno mawili: "Hesabu zimepotea."

Kaka Fabiani ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, na baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyeshika nafasi yake. Alikuja na treni, akafika na begi dogo, akakaa kwenye kochi letu akanitazama muda mrefu.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "simlaumu mtu. Umemtunza, kila mtu anaona. Lakini umekonda umekuwa kama mshale. Zita yuko mbali kwa mumewe. Mimi nyumbani nina watu wengi. Nimchukue Kasiani, akakae kule kwa amani. Kesho kutwa treni inarudi. Banda tumwachie fundi mwingine kabla bati hazijaibiwa."

"Shemeji, akili yake ipo," Mama Zita akasema. "Mimi naishi naye. Ipo."

"Mtaalamu mwenyewe ameandika. Mtu aliyekuwa anapanga spoki kwa kuhesabu, leo saba na kumi na kumi anasema kumi na tano. Shemeji, hiyo si akili, hayo ni mabaki." Akanigeukia, akainua sauti kama watu wanavyowainulia sauti wagonjwa. "Mdogo wangu. Uko tayari twende Mlimba?"

Elewa nilivyokuwa nimebanwa. Nilitaka kusema: kaka, nyumba yangu iko hapa, mke wangu yuko hapa, banda langu nimelijenga kwa mikono yangu, nikiondoka nakwenda kuwa mzigo unaokaa kivulini unafukuziwa nzi. Nikavuta pumzi. Nikakusanya maneno yote.

"Tayari," nikasema.

"Umemsikia," kaka akasema. Mama Zita akatoka nje.

Siku iliyofuata tukaenda hospitali watatu, kuaga na kuomba barua ya kuniombea mazoezi kule niendako. Daktari alikuwa wodini. Kabula akasema, "Baba, tucheze mkono mmoja wa mwisho wa karata tukimsubiri." Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Kaka akakaa kwenye benchi nyuma yangu, huku bajaji imesimama nje.

Kabula akagawa. Nikapanga sita zangu kwenye kibao. Mbili nikazitupa kwenye kapu lake. Moja ilikuwa tano.

"Unaona, baba mkubwa?" Kabula akamwambia kaka kwa upole. "Tano tena."

Akafunua karata ya juu. Ilikuwa K. Mimi nikachukua A yangu, nikailaza kando ya ile K, nikasogeza spoki matundu mawili. Kisha nikachukua saba, na J, na Q, nikazilaza pamoja, nikasogeza mawili mengine. Nikamtazama Kabula usoni. Nilijua nimepata mkono mzuri. Nilikuwa na hakika kama ninavyokuwa na hakika na gurudumu.

Nyuma yangu nikasikia benchi likisogea.

"Binti," akasema, "hii unaiitaje?"

"J, baba mkubwa."

"Na hii?"

"Q. Na ile K."

"Sisi hatuziiti hivyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hiyo J ni mzungu wa tatu. Ina tatu. Q ni mzungu wa pili, ina mbili. K ni mzungu wa nne, ina nne. Saba tunaiita seti, hiyo ni kumi. Na A ni ree. Ree ni kumi na moja."

"Kwenye mchezo gani?"

"Arbastini. Nyinyi watoto wa sasa hamuujui."

"Sisi tunacheza lastikadi tu," Kabula akasema.

Kaka akainama juu ya bega langu. Akagusa karata moja moja kwa kidole chake cha mkulima. "Seti, kumi. Mzungu wa tatu, kumi na tatu. Mzungu wa pili." Akasita. "Kumi na tano." Akahamisha kidole. "Ree, kumi na moja. Na mzungu wa nne. Kumi na tano." Akarudia mara mbili, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. "Binti, huyu hajakosea. Mkono wote haujakosea. Na hiyo tano kaitupa kwa sababu kwetu tano haina kitu, ni takataka."

Kabula akaziangalia tena zile karata. Akasema taratibu, "Wiki nne nimekuwa namwambia anakosea."

Nikueleze kidogo. Tulipokuwa vijana baba alituweka shambani kuamia ndege wakati mpunga unapokomaa. Tulikaa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha kutazamia shamba, tangu alfajiri mpaka jua lizame, tukivuta kamba zenye makopo ili ndege waruke. Ndege wakitulia, tulicheza arbastini kwa pakiti moja iliyochakaa mpaka pembe za karata zikawa duara. Misimu mingi. Mimi sikujua mchezo mwingine maishani. Kabula alipoweka karata mbele yangu, kichwa changu hakikusikia habari za mchezo mpya. Kilifungua pale pale kilipopajua. Niliona yeye ndiye hajui kuhesabu, nikamvumilia kwa kuwa ni mtoto wa watu na anajitahidi.

Lakini kaka ni mtu wa kuhakikisha. Alizunguka akakaa mbele yangu, akachukua pakiti, akatoa ree mbili na seti moja. Akaziweka mezani. Hakuinua sauti safari hii.

"Kasi. Kwa hesabu yetu. Ni ngapi? Nionyeshe kwenye ubao, kwa mkono wa kulia."

Nikaivuta spoki. Kidole cha kushoto kikaanza kuhesabu matundu, mkono wa kulia ukifuata nyuma, unachomeka, unachomoa, unachomeka. Spoki ilinianguka mara tatu. Mama Zita alitaka kuiokota, kaka akamzuia kwa kiganja. Nikaiokota mwenyewe. Nje dereva wa bajaji alipiga honi, hakuna aliyegeuka. Kumi. Ishirini. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kwenye kovu la kidonda. Nikafika, nikachomeka, nikaondoa mkono.

Kaka akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu ya Kabula. Alihesabu kwa sauti. Alipofika mwisho, "thelathini na mbili" yake ilitoka imepasuka katikati, na kaka yangu akajifunika uso kwa kofia.

"Huyu," akasema kutoka ndani ya kofia, "alikuwa ananiibia ree kwenye dungu. Nikigeuka kuvuta kamba, ree moja haipo. Na mimi nilitaka kumpakia kwenye treni kama gunia."

Mama Zita akamwambia, "Shemeji, si nilikwambia ipo?"

"Ulinambia."

"Ukasema ni mabaki."

"Shemeji, niache nilie kwanza, utanisema baadaye."

Daktari alikuja akasikiliza yote, akanipima kwa maswali yake, akafuta maandishi yale kwenye faili na kuandika mapya: anaelewa, anahesabu, tatizo ni usemi. Akamwambia Kabula, "Umeandika ulichokiona, hujakosa. Siku nyingine uliza nyumbani kwao wanacheza nini." Na kaka Fabiani akarudi Mlimba siku iliyofuata na begi lake dogo peke yake. Kabla ya kupanda alinishika mkono wa kulia, akauminya, akangoja mpaka na mimi nikamminya.

Sasa ndipo nilipoanza kujifunza kribeji kweli, na nikwambie, kusahau ni kazi kuliko kujifunza. Kabula alianza upya kabisa. Alitandika karata zote mezani, akanionyesha: hapa ree amekuwa maskini, ana moja tu. Seti amebaki na saba yake tu. Wazungu wote watatu wamepandishwa, kila mmoja ana kumi. Nane, tisa na kumi, ambazo kwetu hazikuchezwa, zimerudi kazini. Na tano ni mfalme. Nilicheka mpaka mate yakanitoka. Kaka alipoelezwa kwenye simu alisema mchezo gani huo ambapo tano inamshinda ree, ni mchezo wa watu waliovurugwa.

Kisha Kabula akaniongezea mengine, moja kila wiki. Karata mbili zinazofanana, matundu mawili. Tatu zinazofuatana, kama nne, tano, sita, matundu matatu. Kumbe siku ile ya mwisho nilikuwa na J, Q na K zimefuatana mbele yangu, na sikuziona. Na kabla ya kuhesabu karata za mkononi, mnacheza karata moja moja kwa zamu mkijumlisha kwa sauti, bila kuvuka thelathini na moja.

Kwa sauti. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kabula akiweka karata anasema, "Saba." Anangoja. Haniharakishi. Mimi natafuta neno, nalisikia liko karibu, kama spoki iliyolegea ambayo hujaigusa bado. Siku moja, baada ya kungoja sana, nikaweka nane yangu juu ya saba yake na kinywa kikasema, "Kumi na tano."

Kabula hakupiga kelele. Alisema tu, "Sogeza mawili, baba."

Namba zilirudi kwanza, kwa mfuatano, moja ikiivuta nyingine. Halafu majina. Halafu sentensi fupi. Nakumbuka asubuhi nilipoingia kwenye chumba cha mazoezi, nikitembea na fimbo.

"Shikamoo baba."

Nilisimama pale mlangoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo nyumbani siku tatu, Mama Zita akinisikiliza huku anapepeta mchele.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Hujambo?"

Miezi yote ile binti huyu alikuwa amenipa heshima yangu na mimi sikuweza kuipokea. Akainama tena, akasema, "Sijambo, baba," na siku ile hatukucheza vizuri, yeye wala mimi.

Leo niko bandani. Kazi ya kukaza minyororo na kupiga gundi nafanya kwa mkono wa kushoto, wa kulia unashikilia. Kusuka ringi nimerudia, ila gurudumu lililokuwa likinichukua saa moja linanichukua asubuhi nzima, na wateja wangu wamelizoea hilo. Masikio hayajapungua. Ubao wa kribeji nilichonga wangu, uko juu ya sanduku la vyombo, na mama muuza mboga, yule aliyenipakia kwenye bajaji, amejifunza na ananishinda. Kaka Fabiani akija anacheza naye. Bado anahesabu ree kumi na moja akidhani hatuoni.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari na manesi walionigeuza na kunisafisha. Namshukuru Kabula kwa subira yake, na kaka yangu kwa kuwa aliinuka kutoka kwenye lile benchi. Mama Zita sina neno la kumtosha, na sasa hivi maneno ninayo mengi.

Wewe uliyepewa dawa za presha, usiziache kwa sababu unajiona mzima. Unajiona mzima kwa sababu unazimeza. Ukiona mdomo wa mtu umekwenda upande au mkono umelegea ghafla, mwahishe hospitali saa hiyo hiyo, mengine baadaye. Na kama mgonjwa yuko nyumbani mwako na watu wameanza kuongea juu yake akiwa amekaa hapo hapo, usikubali mpaka umejaribu hili. Tafuta pakiti ya karata. Kaa mbele yake, mgawie sita, jigawie sita. Mwache azipange mwenyewe, hata kama zitaanguka. Akikuwekea karata ambazo huzielewi, usimwambie amekosea. Muulize ndugu aliyekua naye walikuwa wanacheza nini utotoni, kisha uzihesabu tena.